Soksi Ndani ya Tarumbeta

Jamani, ukikutana na watoto wa askari kule Mbarara ukawaambia unatoka Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi, watakuuliza kama unamjua yule jamaa wa soksi, na wewe utajibu unavyotaka, lakini mimi nimechoka kusema simjui kwa sababu jamaa mwenyewe ni mimi. Ndiyo, mimi Etiene, fundi simu, fundi redio, fundi wa kila kitu chenye waya, mtu mzima mwenye ndevu (chache, lakini ni ndevu). Nimeona bora mnisikie mimi kabla hamjaisikia ile habari ya mtaani, maana ile ya mtaani inasema nililia, na mimi sikulia, nilitokwa na machozi tu.

Mwanzo wa yote ni wivu, sitawaficha. Nilikuwa namchumbia Neema, binti wa Mzee Asukulu anayeuza maharage karibu na kanisa letu, na mnaomjua Mzee Asukulu mnajua kwamba binti yake hatoki pale kwa maneno matamu. Nilishatuma mjumbe mara mbili, na mara zote mbili mzee alijibu kwamba hana neno na mimi, ila anataka kwanza anione mbele ya watu, aone nikiwa kazini ninakuwa mtu wa namna gani. Nikienda kumsalimu nilikuwa napewa kikombe chenye maua, kile kizuri cha wageni, tena namiminiwa chai wa kwanza kabla ya mzee mwenyewe, na mimi nilirudi kwetu kifua mbele nikimsimulia mama habari za kile kikombe kana kwamba nimepewa Neema na maharage juu. Na Neema ndiye anayesimama peke yake mbele ya kwaya yetu, ana sauti ambayo sitaki kuisifu hapa maana nikianza hatutamaliza.

Kazi yangu kanisani ni taa. Nilipata Mbarara taa nne za jukwaa za mtumba, zile zinazobadilika rangi, na kwa kuwa meza ya kuziongozea ni ya matajiri, nikatafuta njia ya maskini: kompyuta ndogo ya ubao mmoja, ukubwa wake kama kipande cha sabuni, haina kioo, haina vibonyezo, nikaitia ndani ya kopo tupu la siagi nililolitoboa matundu ipate kupumua, nikaiwekea programu ya bure ya kuongozea taa, na simu yangu ikawa ndiyo meza. Ukigusa simu, kopo linasikia, taa zinatii. Jumapili ya kwanza mama mmoja wa kwaya alishuhudia kwamba ameona Roho akishuka na rangi ya zambarau, na mimi nilinyamaza (nani akatae sifa).

Sasa kompyuta hizi zina udhaifu mmoja, zikizimwa zinasahau saa, kwa hiyo nikainunulia kijisaa chenye betri ndogo ili isisahau. Siku ya kukiweka, programu ikaniuliza niko upande wa mji gani, nami nikachagua Lubumbashi. Mtacheka, lakini kwetu ni Baraka, kule Kongo, na Baraka haimo kwenye ile orodha, na tangu tuvuke mpaka mama yangu hajawahi kuikubali saa ya Uganda. Yeye husema tulikimbia bila kuaga mtu, basi angalau saa tubaki nayo. Saa ya kwetu iko nyuma ya Uganda kwa saa nzima, hivyo simu yangu, saa ya ukutani kwetu na lile kopo vyote vilikuwa vinaishi Baraka, na mimi nilikuwa najumlisha moja kichwani kila siku bila hata kujua kama najumlisha, kama vile mtu anavyoinama kwenye mlango mfupi wa nyumba yake.

Basi kwaya yetu ikaalikwa kwenye sherehe ya shukrani ya familia za askari, katika kambi ya jeshi Mbarara. Wakatuletea mtu wa bendi yao afanye mazoezi nasi, atupigie tarumbeta katika wimbo wa Neema. Jina lake Koplo Kato. Alikuwa anakuja Nakivale kwa pikipiki, sare imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na tarumbeta ameisugua hivi kwamba ukiitazama unauona uso wako mwenyewe umepanuka pua. Ningemsamehe hayo yote kama angekuwa na majivuno. Hakuwa nayo. Alikuwa anawasalimu akina mama kwa kuinama, na kila safari alileta ndizi mbivu za bogoya akazigawa kwa kwaya nzima, na mimi, ambaye si mwimbaji lakini siku hizo sikukosa mazoezi hata mara moja (nilikuwa naangalia waya, ndivyo nilivyosema), niliona kwa macho yangu kwamba wengine wanapata ndizi moja na Neema anapata mbili.

Mtu akipenda huona mengi. Niliona jinsi Neema anavyosubiri tarumbeta imalize ndipo avute pumzi. Niliona kwamba neno "Koplo anasema" limeingia kwenye mazungumzo yetu, Koplo anasema ninywe maji ya uvuguvugu, Koplo anasema nisikaze shingo, na mimi miaka yote nilikuwa naiangalia ile shingo sikuwahi kuambiwa kama imekaza. Mwishowe nikamuuliza, nikijifanya nauliza mambo ya muziki tu, kwa nini lazima yule bwana asimame karibu naye namna ile.

"Etiene," akaniambia, "yeye anapuliza, miye naimba. Unataka akapulizie kwa jirani?"

Jibu zuri, na mtu mwenye akili angelala usingizi. Mimi nikaamka na mpango.

Koplo mwenyewe alikuwa ametuonya kwamba pale kambini simu zote hubaki getini, haingii nayo mtu. Maana yake taa zangu zingepaswa kujiongoza zenyewe, na hilo si tatizo, ile programu unaweza kuiamuru ibadilishe rangi taratibu mchana kutwa bila mkono wa mtu. Lakini pia unaweza kuiamuru ifanye jambo moja kwa saa maalumu, na hapo ndipo shetani aliponikaribisha kiti. Kwetu mwimbaji akikukosha unakwenda mbele kumtunza, kwa pesa au kwa kitenge, na mimi kitenge nilishanunua. Nikapanga hivi: karibu na mwisho wa wimbo wa Neema, nitakuwa nimesimama chini ya jukwaa na kitenge changu, taa zote zitazimika, Koplo na tarumbeta yake wataingia gizani, halafu taa moja nyeupe itafunguka polepole, kwa madaha, juu yangu mimi. Neema atatazama chini, ataniona, atashuka, nitamfunika kitenge mbele ya baba yake. Na nani atanishuku, wakati simu yangu iko getini na mikono yangu imeshika kitenge?

Ratiba tulikuwa tumetumiwa, na ratiba ya jeshi si maombi, kilichoandikwa ndicho kinachokuwa. Wimbo wa Neema unaanza saa kumi kamili. Nikakaa na kopo langu, nikaandika saa kumi na dakika kumi, kama mtu anayenakili, nikafunga kopo, nikaenda kuoga.

Siku ikafika. Tukapanda lori la kukodi na viti vya kanisa na ngoma, tukapita Kabingo tukiimba, mimi nimelipakata lile kopo kama yai, na Neema amekaa mbele na akina mama akinywa maji yake ya uvuguvugu. Getini askari akanyoosha ndoo. "Simu zote hapa. Hata ya mzee. Hapana ficha." Mzee Asukulu akaitoa yake ndani ya soksi, ndiyo mahali anapoitunza, na nikaiona ile kama tabia ya kawaida ya mzee tu, kumbe soksi zilikuwa zimeshaanza kunifuata.

Ukumbi wao ulikuwa mzuri. Madirisha walikuwa wameyafunika kwa mablanketi ya jeshi ili taa zionekane, na nilipochomeka kopo rangi zikaanza kutiririka jukwaani, watoto wakapiga makofi, na Mzee Asukulu akaniangalia kidogo halafu akatikisa kichwa kwa kukubali. Kwangu mimi kile kichwa kilikuwa sawa na kuku wawili. Nikachora duara la chaki chini ya jukwaa, fasi yangu, mahali nitakaposimama, nikatangaza mtu yeyote asikanyage hapo kwa sababu ya mambo ya ufundi, kisha nikakaa safu ya tatu kando ya mzee, mikono juu ya magoti, mtu asiye na hatia.

Upande wangu wa pili alikaa mama mmoja wa pale kambini na mtoto mchanga, Ampaire, mtoto mnene mwenye tabasamu na tabia ya kurusha soksi. Akivuliwa hataki, akivishwa anarusha. Mara ya nne mama yake akaniomba nishike ile soksi kwanza, nikaitia mfukoni, na tukawa marafiki. Akaniuliza mimi ni nani katika kwaya, nikamwambia mimi ndiye wa taa, akasifu taa, na mnajua mtu akisifiwa mdomo hulegea. Nikaanza kumwonyesha watu. Yule pale ni mchungaji wetu, yule ni Neema mchumba wangu, na yule mwenye tarumbeta, nikamwambia, huyo mpuuze, huyo anajiona sana, ametuletea ndizi ili apate watu wa kumsifu, ukimtazama tu unajua nyumbani kwake hakuna anayemngoja.

Yule mama akacheka mpaka akajifuta machozi kwa nguo ya mtoto.

"Kumbe?" akasema. "Endelea kidogo."

Nikaendelea sana. Nikaichambua sare, nikachambua mwendo, nikasema mtu anayeng'arisha tarumbeta namna ile ni mtu asiye na kazi, na yule mama akawa ananipa karanga, na Mzee Asukulu upande wa pili akajifanya hasikii.

Saa kumi kamili wimbo ukaanza. Sitauelezea. Ile tarumbeta ilikuwa inatangulia kama mtu anayekufungulia njia kwenye umati, na sauti ya Neema inapita nyuma yake bila kuguswa na mtu, na mimi nilikuwa nautazama mshale wa saa kubwa ya ukutani tu. Ulipokaribia dakika ya kumi nikasimama na kitenge changu, nikaenda nikaingia ndani ya duara langu, nikainua kidevu, nikangoja giza.

Giza halikuja. Ikaja rangi ya machungwa, ikapita, ikaja kijani. Nikabaki nimesimama pale kidevu juu, na nyuma yangu mtu akaanza kusema nikae, ninawaziba, na mwingine akauliza huyu anangoja nini. Neema alikuwa amefumba macho anaimba. Aliyeniona ni Koplo. Akadhani nimeshindwa kupanda jukwaani, akanionea huruma (huruma!), akashusha tarumbeta, akainama na uungwana wake wote, akakipokea kitenge mkononi mwangu, akageuka akamfunika nacho Neema mabegani kwa mikono yake mwenyewe, taratibu, akalainisha na pindo. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Kitenge changu! Kitenge nilichokichagua duka la tatu, mapato ya mwezi mzima ya kutengeneza redio za watu, kikavishwa kwa mkono wa mwanaume mwingine mbele ya baba mkwe, na kwaya nzima wakapiga kelele ya furaha, na mimi nikarudi kwenye kiti changu kama mtu aliyetumwa kuleta.

Ningeishia pale ningekuwa mtu wa kuonewa tu. Lakini mshereheshaji akasimama akasema wakubwa wamefurahi, na kwamba baada ya sala ya kufunga, Neema na Koplo watarudia ule wimbo. Watarudia! Zikafuata hotuba, ndefu, na katika hotuba zote sikusikia neno, nilikuwa nayaona yale mabega na lile pindo. Koplo alikuwa ameiweka tarumbeta yake juu ya kiti, na kile kiti akakiweka wapi? Ndani ya duara langu la chaki, kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo watoto hawakanyagi, fundi wa taa amekataza. Yeye mwenyewe akaenda kusimama nyuma na wenzake.

Mchungaji wetu akapanda kufunga kwa sala. Watu wote wakasimama, wakainamisha vichwa, wakafumba macho. Sala za mchungaji wetu mnazijua, anaanza na walio mbali kazini, anakuja kwa wajane, anapita kwa mifugo, ana muda. Mkono wangu ukaingia mfukoni na kukuta kitu laini. Soksi ya Ampaire. Na nikafikiri, mtu akipuliza tarumbeta yenye soksi ndani itatoka sauti gani? Nikafikiri itatoka sauti ya mbuzi. Nikafikiri Neema atacheka. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Nikainama, nikapita chini chini mbele ya safu mbili, kwa magoti, mtu mwenye ndevu, mpaka kwenye duara. Nikapiga magoti mbele ya kile kiti. Nikaingiza soksi, na mkono nyuma yake, ili izame vizuri. Na papo hapo taa zote zikazimika.

Hapo, ndugu zangu, nilimshukuru Mungu. Kweli kabisa. Nilidhani umeme umekatika, nikasema moyoni tazama hata mbingu ziko upande wangu, nikaisukuma ile soksi ndani zaidi, mkono ukazama mpaka kwenye kifundo. Watu walipohisi giza wakafumbua macho. Na wote walipokuwa wamefumbua, taa moja nyeupe ikaanza kufunguka polepole. Kwa madaha. Kama nilivyoipanga.

Ilikuwa taa nzuri. Sijawahi kupanga taa nzuri kama ile, haikuacha hata unywele wangu mmoja kwenye kivuli. Nimepiga magoti katikati ya duara, uso juu, mkono mmoja umemezwa na tarumbeta ya jeshi, na ukumbi mzima, askari, wake zao, wakubwa wao, kwaya yetu, Mzee Asukulu, wananitazama. Mchungaji akasema amina. Halafu yule mama wa Roho wa zambarau akapiga kelele kwamba mtu ametubu, tazameni mwanga umemshukia, na kwaya wakaanza haleluya, na mchungaji, masikini, akashuka mbio jukwaani akaniwekea mkono kichwani. "Ndugu yetu huyu amekuja mbele," akasema. "Tumusaidie kwa maombi."

Na mimi, nisiwadanganye, nikakubali. Nikaona huo ndio mlango wa kutokea. Nikafumba macho, nikaanza kutetemesha mabega, nikatoa hata sauti kidogo, na ningetoka pale nimeokoka mara ya pili kama si yule mama wa safu ya tatu, ambaye alikuwa amesogea mbele na mtoto wake begani, mguu mmoja una soksi, mwingine mtupu.

"Pasta, ngoja kidogo," akasema. "Hiyo kitu anaweka ndani ya tarumbeta ya bwana yangu, hiyo si soksi ya mtoto?"

Ya bwana yangu. Karanga zote nilizokula zikanipanda kooni.

Koplo akaja kutoka nyuma. Watu wakampisha. Hakunipiga, hakuniuliza, aliutoa mkono wangu ndani ya tarumbeta kama unavyotoa mkono wa mtoto kwenye sufuria, akaingiza vidole viwili, akaivuta soksi ya mwanawe, akaiangalia, akaikunja, akaitia mfuko wa kifuani, akafunga na kifungo. Kisha akamwambia Neema waimbe. Nikatambaa pembeni kwenye giza. Taa yangu haikuwa imeamriwa kuzimika, ikabaki palepale kwenye duara, na ndani ya duara wakasimama Koplo na Neema, na kitenge changu mabegani, wakaurudia wimbo wote kuanzia mwanzo katika mwanga niliojipangia mimi. Hapo ndipo nilipotokwa na yale machozi.

Kurudi, lori zima lilikuwa linacheka isipokuwa watu watatu. Neema akahama kwa akina mama akaja kukaa karibu nami, nikajua nimesamehewa, kumbe alikuwa na swali.

"Ile kopo uliiweka saa ya kwetu," akasema. Hakuwa anauliza, alishapiga hesabu mwenyewe, saa kumi na dakika kumi, saa kumi na moja na dakika kumi. "Sasa ulitaka izime taa wakati naimba."

Watu wote walikuwa wanaizungumzia soksi. Hilo hakuna aliyeliona ila yeye. Nikamwambia si wewe, Neema, yeye ndiye niliyetaka akae gizani.

"Na miye nilikuwa nasimama wapi?"

"Kando yake."

"Basi."

Akarudi kwa akina mama. Nimetukanwa na watu wengi maishani, polisi wa mpakani wamenitukana, wenye simu zilizoharibika wamenitukana, lakini lile "basi" bado nalisikia nikilala. Ule wimbo alikuwa ameufanyia kazi miezi, na mimi nilikuwa tayari kuukata katikati ili nionekane nimeshika kitenge. Mpaka pale kwenye lori nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba katika ule mpango wangu yeye naye alikuwa anaingia gizani.

Tulipofika, Mzee Asukulu akapokea mkono wangu wa kuagana na hakuuachia. "Nilisema nataka nikuone mbele ya batu," akaniambia. "Sasa nimekuona mingi. Jumamosi utakuja kwangu. Yule mwanajeshi naye nimemwita, utaomba musamaha mbele yake na mbele ya mutoto yangu, kisha nitakuambia neno langu. Saa nane. Saa nane ya hapa."

Usiku huo nikabadilisha saa ya kopo, nikabadilisha na ya simu. Nilipoisogelea ile ya ukutani mama akaniambia badilisha za kwako, hii yangu iache, na nikaiacha.

Jumamosi nikavaa shati jeupe. Nikatazama simu, inaonyesha saa saba kasoro, na kichwa changu, ambacho hakuna aliyekibadilisha, kikajumlisha moja kama kawaida yake. Nikakimbia jua kali nikidhani nachelewa, nikafika kwa Mzee Asukulu saa nzima kabla ya wakati, nikasema moyoni afadhali, nitakaa na wenyeji kwanza, nitazungumza na Neema. Nikaingia. Koplo Kato alikuwa ameshakaa, na mke wake, na Ampaire miguu mitupu. Jeshini, wakaniambia, saa nane maana yake ni saa saba.

Na wivu ukapanda, jamani, siku ya msamaha wenyewe! Amefika kabla yangu, amekaa kiti changu, mzee anacheka naye. Nikaumeza. Nikapiga magoti, safari hii kwa kweli, nikaomba msamaha kwa Koplo, nikaomba kwa mke wake (yeye alisema karanga zake nitazilipa), na kwa Neema nikaomba mara mbili, kwa ajili ya soksi na kwa ajili ya taa. Nikaapa mbele yao kwamba chombo cha mtu sitakigusa tena, na kwamba taa za jukwaani nitaziongoza kwa mkono wangu, nikionekana, na sitamzimia mtu aliyesimama kufanya kazi yake. Kuhusu wivu sikuapa, sipendi kuapa uongo.

Koplo akafungua kifungo cha kifuani, akatoa soksi, akaniwekea mkononi. "Hii kaa nayo wewe," akasema. "Siku ya harusi yako mimi napiga tarumbeta, nataka kujua soksi iko wapi."

Neno harusi likakaa pale hewani. Nikamtazama Mzee Asukulu, mzee akatazama mlango, na Neema akaingia na chai. Akammiminia Koplo wa kwanza, ndani ya kikombe chenye maua. Kikombe changu! Akammiminia mke wa Koplo. Akammiminia baba yake. Akarudi ndani akakaa kidogo, na mimi nikabaki nimeshika soksi, nimepitwa mara tatu, nikasema basi, ndilo hili neno la mzee.

Akatoka na kikombe cha bati kilichobanduka rangi, hakina mkono, kile wanachonywea wao wenyewe jikoni na ambacho nyumba ile haijawahi kumpa mgeni. Akakijaza mpaka juu, akanipa.

"Shika chini," akasema, "iko moto."